Mashine ikiwaka taa hufifia: Umeme umefika Ngara, nguvu je?

JIONI ni saa ya kazi nyingi katika vijiji vya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Ndipo mahindi na muhogo mkavu hupelekwa mashineni, sare za shule hupigwa pasi, na redio na televisheni huwashwa kusubiri taarifa ya habari.

Ndipo pia hujitokeza jambo ambalo watumiaji wengi wa umeme vijijini wanalijua. Mwenye mashine ya kusaga anabonyeza swichi, na papo hapo taa za nyumba za jirani zinashuka kwa pamoja. Baada ya sekunde chache zinapanda tena, lakini hazirudi kwenye mwanga wake wa awali mpaka mashine izimwe.

Wengi wamelizoea jambo hilo kiasi cha kuliona kuwa ni tabia ya umeme. Wengine humlaumu mwenye mashine kuwa "anakula umeme wa watu". Wapo pia wanaoamini kuwa taifa halina umeme wa kutosha, hivyo kidogo kilichopo kinagombaniwa.

Maelezo hayo yote matatu hayako sawa. Kufifia kwa taa ni kipimo, tena kipimo cha bure, kinachoonyesha mahali hasa ambapo mfumo wa umeme umepungukiwa. Kwa vijiji vya Ngara, kipimo hicho hakielekezi kwenye maporomoko ya maji wala kwenye mitambo ya kuzalisha. Kinaelekeza kwenye transfoma ya kijiji na waya unaotoka hapo kwenda nyumba ya mwisho.

Jirani wa mtambo, mbali na transfoma

Ngara ina bahati ambayo wilaya nyingi nchini hazina. Katika mpaka wake na Rwanda ndipo yalipo maporomoko ya Rusumo, katika Mto Kagera, karibu na mahali ambapo Mto Ruvubu kutoka Burundi unaungana nao.

Hapo umejengwa mtambo wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, kila nchi ikipata theluthi moja ya umeme wake. Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 340 kwa ajili ya mtambo huo mwaka 2013, ujenzi ukaanza mwaka 2017, na uzalishaji ukaanza kati ya mwaka 2023 na 2024.

Fungu la Tanzania husafirishwa kwa laini ya kilovolti 220 hadi kituo cha kupozea umeme cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ambako linaungana na gridi ya taifa inayotoka Geita.

Hayo ni mabadiliko makubwa. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilikuwa nje ya gridi na zilitegemea majenereta ya dizeli, yakiwamo yaliyopatikana kwa msaada wa Uholanzi. Dizeli ilipochelewa au mashine ilipoharibika, wilaya nzima ililala gizani. Wakati huo, taa zilipofifia, lilikuwa jambo la haki kusema kuwa umeme hautoshi.

Leo maelezo hayo hayana nguvu tena. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024 na kukamilika Aprili 2025. Hata kabla ya mitambo yote tisa kuwashwa, mwaka 2024 serikali ilieleza kuwa baadhi ya vituo vya umeme wa maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji.

Hapo ndipo linapozuka swali la msingi. Iwapo taifa lilifikia hatua ya kuzima mitambo kwa wingi wa umeme, na iwapo mtambo mwingine uko wilayani humo humo, kwa nini taa katika kata za vijijini kama Murukulazo zififie kwa sababu ya mashine moja ya kusaga?

Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Umeme hauruki kutoka kwenye maporomoko kuingia nyumbani. Unapandishwa hadi kilovolti 220, unasafiri, unashushwa hadi kilovolti 33 kwa ajili ya kusambazwa, kisha transfoma ya kijiji inaushusha hadi volti 400 kwa njia tatu, au volti 230 kwa njia moja. Kwa mwenye nyumba, umbali wa mtambo una uzito mdogo. Umbali wa transfoma ndio unaoamua mwanga wa balbu yake.

Hesabu ya mashine moja

Ili kuelewa kinachotokea, ni vyema kuifuata hesabu yenyewe, maana si ngumu.

Transfoma ndogo inayofungwa mara nyingi vijijini ni ya uwezo wa kVA 50. Ikiwa ni ya njia tatu, inaweza kutoa takriban ampia 72 kwa kila njia bila kuelemewa.

Mashine ya kusaga yenye mota ya kilowati 15, yaani nguvu farasi 20 hivi, ikishachanganya hutumia takriban ampia 28. Kwa hiyo transfoma hiyo inaimudu, na bado inabakiwa na nafasi ya taa, redio na friji kadhaa.

Tatizo liko katika sekunde za kwanza. Mota iliyosimama haina upinzani ule inaokuwa nao ikizunguka. Inapowashwa moja kwa moja huvuta umeme mara tano hadi saba ya kiwango chake cha kawaida. Kwa mota hiyo, mara sita ni karibu ampia 170, zaidi ya mara mbili ya uwezo wa transfoma nzima.

Transfoma hailipuki kwa sababu jambo hilo ni la sekunde chache. Lakini volti zinashuka. Kwa transfoma ya aina hiyo, mvuto wa namna hii unaweza kuondoa takriban asilimia 9 ya volti hapo hapo kwenye transfoma, kabla umeme haujaingia kwenye nguzo ya kwanza. Nyumba zote zinazotegemea transfoma hiyo zinaguswa, na zile zilizo laini moja na mashine zinaongezewa hasara ya waya juu ya hiyo.

Balbu ya kizamani ya waya ni shahidi mkali. Mwanga wake haushuki sawa na volti, bali hushuka kwa kasi zaidi: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Ndiyo maana upungufu mdogo wa umeme huonekana mkubwa machoni.

Balbu za LED, ambazo sasa zimeenea, zina tabia tofauti. Zilizo bora hurekebisha umeme ndani yake na haziyumbi kirahisi. Za bei ya chini hucheza au kuzimika kabisa. Matokeo yake ni kwamba nyumba mbili zilizo jirani zinaweza kupata umeme ule ule hafifu, moja ikalalamika na nyingine isijue, mpaka siku friji itakapoungua.

Waya mrefu, umeme mwembamba

Sababu ya pili ni urefu wa laini ndogo, yaani ile inayotoka kwenye transfoma kwenda majumbani. Kila mita ya waya hula sehemu ya umeme unaopita, na kadiri waya unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyokula zaidi.

Chukua nyumba iliyo mita 600 kutoka kwenye transfoma, kwa laini ya njia moja yenye waya wa alumini wa milimita za mraba 50. Mwenye nyumba akiwasha birika la umeme la kilowati 2, volti 6 hadi 7 zinapotelea njiani. Hakuna atakayeshtuka.

Lakini nyumba tano za mwisho wa laini hiyo zikiwasha mabirika au pasi za kiwango hicho kwa wakati mmoja, hasara inafikia karibu volti 29. Umeme uliotoka kwenye transfoma ukiwa volti 230 unafika ukiwa volti 201. Iwapo waya ni wa milimita za mraba 25, hasara hiyo inakaribia kuwa mara mbili.

Kiini cha hoja kiko katika hesabu hiyo. Hakuna mtambo uliozimwa wala nguzo iliyoanguka, na mita ya LUKU ina uniti za kutosha. Hata hivyo mteja wa mwisho hapati kitu kile kile anachopata mteja wa kwanza, ingawa bei ya uniti ni moja.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini wananchi wa maeneo mengi nchini wamekuwa wakilalamikia umeme wa njia moja. Mzigo ule ule ukigawanywa sawasawa katika njia tatu, kwa waya wa unene ule ule, hasara ya volti hupungua hadi moja ya sita. Kijiji kilichopewa njia moja kimepewa taa, lakini hakikupewa kiwanda, hata kile kidogo cha kusaga unga.

Takwimu za kufikiwa

Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umefanya kazi ambayo haipaswi kubezwa. Serikali imetangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na sasa nguvu zimeelekezwa kwenye vitongoji, ambavyo ni 64,359.

Gharama ya kuunganishwa kwa mteja wa kijijini iliwekwa kuwa Sh27,000, kiwango ambacho kaya nyingi zinaweza kukimudu baada ya mavuno ya kahawa au maharage. Kwa nyumba ndogo zisizo na mtandao wa nyaya, kimetengenezwa kifaa cha Umeme Tayari, maarufu kwa jina la UMETA, chenye sehemu za taa na soketi.

Hata hivyo, neno "kufikiwa" lina mtego. Kijiji huhesabiwa kimefikiwa pale transfoma inaposimamishwa na wateja wa kwanza kuunganishwa, mara nyingi katikati ya kijiji, penye ofisi, shule, zahanati na maduka. Transfoma hiyo ilichaguliwa kwa mahitaji ya siku ile.

Kisha watu wanaongezeka. Aliyekuwa na taa mbili ananunua televisheni, halafu friji ya kuuzia soda. Fundi wa kuchomelea anafungua karakana. Kitongoji cha jirani kinaomba nacho, na njia rahisi kuliko zote ni kurefusha laini ndogo kutoka kwenye transfoma ile ile. Idadi ya waliounganishwa inapanda kwenye taarifa, lakini volti zinashuka kwenye nyumba.

Kenya ilikumbana na swali hilo katika mradi wake wa kuunganisha kaya za vijijini uliozinduliwa mwaka 2015. Mradi huo ulilenga kaya zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Kuweka kikomo cha umbali ni kukiri kuwa laini ndogo haiwezi kuvutwa bila mwisho. Hata hivyo umbali peke yake hautoshi, kwani mzigo uliopo kwenye laini una uzito ule ule.

Tatizo la umbali si la vijiji peke yake. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitetea mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, hoja kubwa ikiwa ni upotevu unaotokea umeme unaposafirishwa kutoka mitambo iliyo mbali. Mjadala ulikuwa mkali, lakini kanuni iliyotajwa ni ile ile inayoifanya taa ya nyumba ya mwisho kijijini ififie: kuzalisha umeme ni jambo moja, kuufikisha ukiwa na nguvu yake ni jambo jingine.

Tofauti ni kwamba hasara ya mikoa inajadiliwa na viongozi wa taifa, wakati hasara ya kitongoji haina anayeipima.

Nani anaumia

Upo uwezekano wa kusema kuwa kufifia kwa taa ni kero ndogo kwa watu ambao miaka michache tu iliyopita walitumia kibatari. Kauli hiyo inasahau kuwa umeme hafifu unaharibu.

Mota ya friji au ya pampu ikipata volti pungufu haipumziki. Huvuta umeme mwingi zaidi ili ifanye kazi ile ile, hupata joto, na mwisho nyaya zake za ndani huungua. Kwa mama lishe au muuza vinywaji, friji moja ni mtaji mzima. Kwa zahanati, friji hiyo hutunza chanjo.

Mwenye mashine naye hayuko salama. Mota yake ikishindwa kuchanganya kwa sababu ya volti ndogo, inaendelea kuvuta umeme wa kuanzia kwa muda mrefu na inaweza kuungua katika siku ya kawaida ya kazi. Wapo watakaoona ni heri warudi kwenye injini ya dizeli. Gharama ya dizeli haiishii kwa mwenye mashine. Hulipwa na mwanamke aliyebeba debe la mahindi kichwani.

Ni makosa basi kumfanya mwenye mashine kuwa adui wa majirani. Katika bei zilizoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa Sh100 kwa uniti, na mteja wa matumizi ya kawaida Sh292. Mwenye kiwanda kidogo hulipa karibu mara tatu kwa kila uniti, tena hununua uniti nyingi. Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) linamhitaji kuliko linavyozihitaji taa mbili za jirani yake.

Isitoshe, kama umeme wa vijijini hauwezi kusaga unga, kukata mbao, kuchomelea na kusukuma maji, basi umeletwa kwa ajili ya kuangaza umaskini tu.

Kosa la laini au la nyumba

Si kila taa inayofifia ni lawama ya shirika. Mpaka wa wajibu ni mita. Kilicho kabla ya mita ni cha TANESCO. Kilicho baada ya mita ni cha mwenye nyumba na fundi aliyemfungia nyaya, ambaye kisheria anapaswa kuwa na leseni ya EWURA.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Taa zikififia katika nyumba kadhaa kwa wakati mmoja, chanzo kiko kwenye laini au transfoma. Zikififia katika nyumba moja tu, pale pasi au birika la nyumba hiyo hiyo linapowashwa, yawezekana nyaya za ndani ni nyembamba au kuna kiungo kilicholegea.

Kiungo kilicholegea hakipaswi kusubiri kesho. Hutoa joto, na joto hilo huweza kuwasha moto ndani ya ukuta au darini. Soketi yenye harufu ya kuungua, swichi iliyo moto au sauti ya kuchechemka ni dalili za kuzima swichi kuu na kumwita fundi.

Ipo dalili moja iliyo hatari kuliko zote. Iwapo kifaa kikubwa kinapowashwa baadhi ya taa zinafifia huku nyingine zikizidi kung'aa, huenda waya wa nyutro umelegea au umekatika. Katika laini ya njia tatu hali hiyo inaweza kuzipeleka baadhi ya nyumba volti zinazokaribia 400 badala ya 230, na vifaa vikaungua kwa dakika. Hapo dawa ni kuzima swichi kuu mara moja na kutoa taarifa TANESCO.

Wenye UMETA nao wanapaswa kukumbuka kuwa kifaa hicho kilikusudiwa matumizi madogo. Kuchomeka jiko la umeme au hita ya maji humo ni kukibebesha kisichokimudu.

Mambo yanayowezekana

Suluhisho haliko katika kujenga bwawa jingine. Yapo mambo madogo yanayoweza kufanywa ndani ya wilaya.

La kwanza ni stata ya mashine. Mota ikiwashwa kwa stata ya nyota-delta badala ya kuwashwa moja kwa moja, mvuto wake wa mwanzo hushuka hadi theluthi. Kwa mfano uliotolewa hapo juu, ampia 170 zinakuwa 57, na anguko la volti kwenye transfoma linakuwa karibu asilimia 3 badala ya 9. Taa za majirani zitatikisika kidogo tu. Kifaa hicho kinapaswa kuwa sharti la kuunganisha mashine kubwa, na pale ambapo mwenye mashine hana fedha, kiwekwe katika mikopo midogo ya wajasiriamali.

La pili ni kusawazisha njia. Transfoma ya njia tatu inaweza kuwa na nyumba nyingi kwenye njia moja na chache kwenye nyingine kwa sababu tu mafundi waliunganisha wateja kwenye waya uliokuwa karibu. Kuzihamisha baadhi ya nyumba hakuhitaji transfoma mpya wala nguzo mpya. Kunahitaji fundi, ngazi na nusu siku.

La tatu ni transfoma kuwafuata watu. Vitongoji vinavyounganishwa sasa vipewe transfoma zao badala ya kurefushiwa laini ndogo ya kijiji, na mashine zenye mota kubwa zifungwe karibu na transfoma. Mradi wa Gridi Imara, ulioanzishwa na serikali kuimarisha njia za kusafirisha na kusambaza umeme, unapaswa kupimwa pia kwa kiwango hiki cha chini, si kwa vituo vikubwa pekee.

Hoja kwamba TANESCO haina fedha za kutosha ina ukweli ndani yake. Shirika lililopokea Sh27,000 kwa mteja anayenunua uniti chache kwa mwezi haliwezi kurejesha gharama ya transfoma kwa haraka. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwatunza wenye mashine, maana uniti zao ndizo zinazoweza kuilipia transfoma inayowafaa majirani wao.

La nne, na pengine la muhimu kuliko yote, ni kupima. Taarifa za umeme vijijini zinahesabu vijiji, nguzo, kilomita na wateja. Zinapaswa kuongeza safu moja: volti katika nyumba ya mwisho saa moja jioni. Kipimo hicho hufanywa kwa chombo ambacho fundi yeyote anacho mfukoni. Kikiandikwa kwa kila transfoma, mkoa na wilaya vitajua wapi pa kuanzia, na madiwani watakuwa na hoja yenye namba badala ya manung'uniko.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mteja mmoja anayelalamika kuwa taa yake inacheza huambiwa akague nyaya zake. Nyumba ishirini za laini moja zilizoandika siku na saa za kufifia, zikapeleka barua moja TANESCO kupitia serikali ya kijiji, haziwezi kujibiwa hivyo. Wasiporidhika, sheria inawapa nafasi ya kwenda EWURA.

Muda uliopo si mrefu. Ngara ni wilaya yenye mradi wa nikeli wa Kabanga, ambao ukianza kuchimbwa kwa kiwango kamili utakuwa mtumiaji mkubwa wa umeme. Migodi hujengewa laini zake na hupangiwa mzigo wake mapema, kwa sababu hakuna mwekezaji anayekubali mitambo yake iungue. Busara hiyo hiyo ya kupanga mzigo kabla ya kuuwasha ndiyo inayokosekana kwenye transfoma ya kijiji.

Kwa mkazi wa Murukulazo au wa Nyakanazi, megawati 80 za Rusumo na 2,115 za Rufiji ni namba anazozisikia redioni. Namba inayomhusu ni 230, na swali la haki kwake ni iwapo namba hiyo inafika mlangoni kwake wakati jirani anasaga unga.

Mpaka itakapofika, kila mashine itakapowashwa jioni taa zitaendelea kushuka, na waliopewa jukumu la umeme wanapaswa kuisoma taarifa hiyo.